Gari Lisilo na Kiu

Tangu tumlete Mama mjini, kila anayeingia dukani kwangu kununua kitenge ananiuliza kwanza: eti ni kweli mlilinywesha gari maji mpaka likatapika? Ni kweli. Hamadi, mdogo wangu, amekwisha kuwasimulia wenzake barazani, na katika masimulizi yake yeye ndiye dereva shujaa, mimi, Mwamini, ni mwanamke wa kupiga makelele. Basi nimeona niandike mwenyewe, kituo kwa kituo, mjue nani alifanya nini. Habari za vibali vya njia na za kupanga foleni naziruka. Mnazijua, na hazina utamu.

Kilichotutoa nyumbani kilikuwa hiki. Mama yetu alikuwa anakaa Gitega, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu baba. Jicho lake moja lilikuwa limekwisha kufunikwa na mtoto wa jicho, na la pili lilikuwa linafuata. Hapa Bujumbura alikuwa amekuja daktari wa macho kutoka nje, mgeni wa kupita, na sisi tulipopata habari zake alikuwa amebakiza juma moja. Ambaye hakufika kwake kabla ya Ijumaa, amekosa. Na barabara ya Gitega katika miaka ile ya vita haikuwa barabara ya kuamka asubuhi ukaondoka tu. Magari yalipanda kwa msafara, wanajeshi mbele, wanajeshi nyuma, na aliyeharibikiwa katikati alikuwa na shida mbili, ya gari na ya mahali liliposimama.

Quartier Industriel hadi Kinindo

Pikapu ya baba ilikuwa imeua injini yake. Fundi Nestori, ambaye garaji yake iko Quartier Industriel nyuma ya maghala, alitufungia nyingine aliyoitoa kwenye gari lililopinduka. Injini ilikubali. Kilichokataa ni kisaa cha joto, kile chenye mshale wa kumwambia dereva kama injini inachemka. Cha zamani hakikuelewana na injini ya kigeni. Nestori akang'oa kisaa cha lile gari lililopinduka, akakifunga kwa skurubu chini ya dashibodi, mbele ya magoti ya abiria. Abiria ni mimi. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya kuangalia mshale bila kuiomba.

Nestori ni mtu wa milimani. Kiswahili chake kina Kirundi chini na Kifaransa juu, na sisi wateja wake wa mtaa wa Buyenzi tumezoea kukinyoosha wenyewe kichwani. Siku tunaondoka, kinu cha jirani kikinguruma, aliinamia dirisha la Hamadi akatupigia kelele neno la mwisho. Tulisikia hivi: "Ikiwasumbua, muangalie mazi kwanza." Hamadi akajibu kwamba amesikia. Mimi nikaongeza kwamba tumesikia wote wawili. Nani asiyejua kwamba Warundi maji wanayaita amazi? Tukapita sokoni tukanunua madumu, tukayajaza.

Kwanza tulilijaribu gari kwa kwenda Kinindo, ambako nilikuwa na mteja wa kumpelekea vitenge vyake. Njia ni tambarare, kivuli kingi, upepo wa ziwa unaingia dirishani. Mshale ulianza chini kwenye herufi C, ukapanda polepole hadi katikati, ukakaa. Nikampongeza Hamadi kama vile yeye ndiye aliyeutengeneza.

Ila nilitaka kujua zile herufi. Hamadi alisema C ni chaud, yaani moto, kama kwenye bomba za maji za hotelini. Nikamuuliza, mbona mshale ulikuwa umelala kwenye C asubuhi, na gari limelala baridi usiku kucha? Akafikiri mpaka tukapita geti la mteja. Nikamuuliza na H je? Akasema labda ni haut, juu. Juu ya nini, hakujua. Mimi nikaona upande wa H kumepakwa rangi nyekundu, nikasema H ni hatari. Tukakubaliana hatari. Kuuliza si ujinga, lakini kuna siku muulizaji inabidi ajijibu mwenyewe.

Mutakura: tunawasubiri wenye njia

Msafara ulikusanyika upande wa kaskazini, karibu na Mutakura. Tuliambiwa tufike alfajiri, na tulifika alfajiri, na jua lilitukuta pale pale. Malori ya sukari, mabasi madogo, gari la wagonjwa, mtu na kabati lake kubwa kwenye kamioneti, kila mmoja ameegesha akimtazama mwenzake. Wanawake wa Mutakura wanakujua kusubiri kwa watu. Walikuja na mandazi, chai ya maziwa kwenye chupa, na ndagala, dagaa wa ziwani, wa kukaanga kwenye karatasi. Mimi nilikuwa na ndagala wangu wakavu, mfuko mzima, zawadi ya Mama, kwa sababu Gitega samaki wa ziwa humfikia mtu akiwa amechoka. Harufu yao ilikuwa imekwisha kutawala gari zima.

Hapo ndipo tulipompata mgeni wetu. Alikuwa mtawa, Sista Goreti, mwanamke mnene mwenye miwani, aliyekuwa akienda Gitega kwa masista wenzake, na gari lililomwahidi nafasi lilikuwa limejaa. Aliuliza kama tunaweza kumsogezea kiti. Hamadi akanitazama, mimi nikasogea. Alipoona madumu yetu aliuliza ni ya nini, nikamweleza kwamba fundi ametuonya habari ya maji. Akayafanyia ishara ya msalaba. Hamadi akanong'ona kwamba sasa hayo maji atayatumiaje, nikamwambia radiateri haina dini.

Mwishowe mkuu wa msafara alipita gari kwa gari akitoa amri zake: hakuna kupitana, hakuna kusimama, na kila mtu awashe taa tangu hapa hadi mwisho, maana juu kuna ukungu na wa nyuma lazima aonwe na wa mbele. Hamadi akawasha taa. Tukaondoka.

Kupanda Bugarama

Hatukuwa tumemaliza nyumba za mwisho za mji pale niliposhusha macho kwenye mshale. Ulikuwa umepita katikati, umekaa juu karibu na rangi nyekundu.

Nikamwambia Hamadi. Akasema ni mlima, gari lolote linapata joto mlimani. Nikamwambia mlima wenyewe hatujauanza. Tukauanza. Mnaijua ile njia: kona juu ya kona, migomba chini yako ambako dakika chache zilizopita ilikuwa juu yako, na mji unabaki huko chini na ziwa lake kama kitambaa kilichoanikwa. Siku nyingine ningeifurahia. Siku ile nilikuwa natazama kitu kidogo mbele ya magoti yangu, na kila Hamadi alipobadilisha gia mshale ulitetemeka ukaegemea wekundu. Sista Goreti alitoa rozari yake. Hamadi alikuwa anasoma Ayatul Kursi kwa pumzi. Mimi nilikuwa katikati ya hao wawili, nikiomba pande zote.

Kwenye kona moja ambako pembeni palikuwa na mabaki ya basi lililoungua, mshale uliingia kwenye nyekundu. Hamadi akashindwa kuvumilia. Akatoka kwenye mstari, akasimama, akazima. Magari yaliyokuwa nyuma yetu yakatupita moja moja. Watu walitutazama kama mtu anavyotazamwa akishushwa kaburini, kisha wakageuza nyuso.

Niliogopa, sitaki kudanganya. Kulikuwa na kimya ambacho mjini hatukijui. Hamadi akafungua boneti, akashika kifuniko cha radiateri kwa kitambaa, akakilegeza taratibu. Povu kidogo likatoka, kisha likatulia. Nikamimina dumu alilolibariki Sista. Maji yakaingia kiasi cha kikombe, halafu yakarudi, yakamwagika chini. Nikamimina tena. Yakarudi tena.

Gari la mwisho la wanajeshi likatufikia. Akashuka mmoja, kijana mrefu mwenye sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini, akauliza kwa nini tunasimama mahali pale.

"Inachemuka, afande," Hamadi akasema.

Kijana akaja akasimama kando yangu kutazama. Mimi, kwa kuonyesha kwamba hatufanyi mchezo, nikamimina mara ya tatu. Maji yakafurika yote juu ya buti zake. Akaangalia buti, akaangalia radiateri iliyojaa mpaka mdomoni, akanyanyua macho kwangu.

"Hii gari haiko na kiu, mama," akasema. "Endesha."

Tukaendesha. Hamadi alipowasha injini aliwasha na taa, na mshale ukaruka papo hapo mpaka pale ulipokuwa, bila kupanda, kama mtu anayerudi kwenye kiti chake. Niliona jambo hilo, na nikaona kwamba lina kasoro, ila sikujua kasoro iko wapi. Gari la jeshi lilitusukuma kwa honi hadi tukaufikia mkia wa msafara. Sista Goreti alisema buti za yule kijana angalau zimebarikiwa.

Bugarama, viazi vya kuchemsha

Juu Bugarama msafara ulipumzika. Kule ni baridi ya kweli, ukungu unapita barabarani kama umetumwa, na pande zote kuna kabichi, karoti na vitunguu vya majani vilivyopangwa vizuri kuliko vitenge vyangu. Kulikuwa na brosheti pia, mishikaki ya mbuzi, zinanukia vizuri, lakini hatukujua aliyechinja ni nani. Tulinunua viazi vya kuchemsha na pilipili. Muuza viazi alikuwa mama mwenye koti la kiume. Aliniona nikishika boneti kwa kiganja kila baada ya tonge, akaniuliza kama gari ni mgonjwa. Nikamwambia lina homa. Na yeye akaweka kiganja chake, akakiacha pale, akasema homa haina, ina joto la kulalia paka.

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Wa pili sasa kuniambia jambo lile lile. Nikamwambia Hamadi huenda mshale unasema uongo. Akaniuliza nani ameishi na magari, mimi au yeye. Akaongeza maji. Yakamwagika.

Kutoka hapo hadi Gitega sina la kusimulia ila woga. Mshale ulikaa juu, na gari lilikwenda bila kukohoa. Sista tulimshusha mlangoni kwao. Alituahidi sala zake, akaondoka ananuka ndagala.

Gitega, uani kwa Mama

Mvua ilikuwa inanyesha tulipoingia uani, na Hamadi alikuwa amesahau kuzima taa. Mama alisikia injini akatoka barazani, mkono mmoja kwenye nguzo. Mwanga ukampiga usoni. Watu wenye ugonjwa wake hawaoni sura, lakini mwanga unawachoma kama moshi.

"Muzime hizo taa," akasema, "zinaniunguza."

Hamadi akazima taa. Injini ilikuwa bado inaunguruma. Na mimi, kwa mazoea ya siku nzima, macho yangu yalikuwa kwenye kisaa. Mshale ukaanguka, ukafika katikati, ukatulia.

Nikamwambia Hamadi awashe taa. Mshale ukaruka juu. Azime. Ukaanguka. Awashe tena. Hamadi akasema taa zinakula nguvu, injini inachoka, ndiyo maana inapata joto. Nikamwuliza tangu lini sufuria ya maharage ikapoa kwa kufumba na kufumbua. Joto haliruki, joto linapanda na linashuka polepole. Kinachoruka ni kitu kingine. Yeye akashuka akaniachia swichi, na ninyi mnaomjua Hamadi mnaelewa kwamba huko ndiko kukubali kwake. Nilifurahi mno. Nilikuwa nimeketi kwenye gari, mvua inapiga bati, nawasha na kuzima, nawasha na kuzima, na majirani wamekwisha kujaa kwenye ua kutuangalia.

"Mumekuja kuniona mi," Mama akauliza kutoka barazani, "ao kucheza na taa?"

Nikaona haya, nikashuka, nikamkumbatia. Alinipapasa uso wangu wote kwa viganja, paji, mashavu, kidevu, kama alivyokuwa akifanya siku zile.

"Uko vile vile?"

"Niko vile vile, Mama."

Tulikula maharage na ndizi za kupika, na ndagala wakapata heshima yao. Baada ya kula ndipo lilipokuja la kwenda. Mama alikuwa amesikia yote, maana asiyeona anasikia mara mbili. Alisema haendi. Daktari hamwogopi, wala kisu chake. Bugarama ndiyo aliyoiogopa, kusimama pale na gari bovu, mtu asiyeweza hata kukimbia. Afadhali afumbe jicho lake lililobaki katika nyumba ambayo anajua kila mlango uko wapi.

"Mi siendi na gari ya uongo," akasema.

Nikamweleza kwamba injini ni nzima, yule mwanajeshi ameona, muuza viazi ameshika, na mimi nimejaribu mwenyewe mbele ya majirani. Kinachodanganya ni kisaa, na hata hicho kinadanganya wakati wa taa tu. Mama akachezea ncha ya kanga.

"Saa ya taa tu?"

"Saa ya taa tu."

"Basi inashinda watu, wao ni saa yote," akasema, na akaanza kuuliza sweta lake liko wapi.

Kurudi

Mnaweza kudhani kwamba baada ya kujua, safari ya kurudi ilikuwa rahisi. Ilikuwa mbaya zaidi. Kwenda tulikuwa na hofu na ujinga, na ujinga unasaidia.

Mama alikaa kati yetu, na kopo la samli kwenye mapaja yake. Amri ilikuwa ile ile: taa, mstari, hakuna kusimama. Na mkuu wa msafara huu aliongeza ya kwake: anayezima taa ndiye mwenye shida, na wanajeshi watamjia. Kwa hiyo hata kujaribu kidogo, kuzima nusu dakika nione mshale unaanguka, nisingeweza. Tulipoanza kupanda msituni kutoka mji wa Muramvya, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Mbele yetu tuliona taa nyekundu za lori la mbao na si zaidi. Mshale ukaingia kwenye nyekundu, ukaendelea, ukagota mwisho kabisa, mahali ambapo hata siku ya kwanza haukufika.

Nilijua unadanganya. Nilikuwa nimewaonyesha majirani wote. Lakini mguu wa Hamadi ulianza kulegea, na taa za lori zikaanza kufifia kwenye ukungu.

"Usimwache," nikamwambia.

"Na kama leo inasema kweli, dada?"

Hapo ndipo ubaya wa mwongo ulipo, kwamba siku akisema kweli huna njia ya kujua. Nikafikiria injini ikiungua kwenye msitu ule, Mama kwenye mteremko akishika mikono yetu, Ijumaa ikipita. Nilikuwa karibu kumwambia Hamadi asimame. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo.

Mama akavua kanga ya mabegani, akaniwekea mkononi.

"Funika," akasema. "Mi niko miaka sioni njia na sijaanguka ndani ya kisima. Musikilize moteri, munuse, muende."

Nikafunika kisaa. Nikaingiza ncha za kanga nyuma ya dashibodi zisianguke. Na kweli, tulipokosa cha kutazama, tukaanza kusikia. Injini ilikuwa inaimba sauti moja, nzito, haikugonga wala haikulalamika. Hamadi akaongeza mwendo. Taa za lori zikarudi.

Karibu na kileleni ikaja harufu ya kuungua. Kali, ya mpira. Hamadi akamtazama Mama, mimi nikamtazama Mama, na yeye alikuwa ameinua pua, amekunja paji la uso, kama anavyoonja mchuzi.

"Inatoka mbele," akasema. "Ya mutu mwengine."

Ilikuwa klachi ya lile lori la mbao. Lilijikokota hadi Bugarama likifuka moshi, na hapo dereva wake akashuka akalaani. Tulimpita tukiwa wazima. Muuza viazi alituona akapunga mkono, na safari hii msafara haukusimama. Tukaanza kushuka, joto la bonde likatupokea kona kwa kona, Mama akavua sweta, kisha soksi. Mutakura, pale walipotuachia tuzime taa, nilifunua kanga. Mshale ulikuwa katikati, mtulivu, kama haujawahi kumtisha mtu. Hamadi akaweka kichwa juu ya usukani akalia. Barazani kwake hawezi kuwaambia, kwa hiyo nawaambia mimi. Na mimi nililia, kama mnataka kujua.

Quartier Industriel tena

Hospitalini tuliwahi. Alihudumiwa jicho moja, lile lililokuwa bado na nguvu, na kabla ya kufunga mizigo yake daktari alimfungua bandeji mwenyewe, akampa miwani myeusi. Mlangoni Mama alisimama akiangalia miguu yake. Hamadi akataka tupitie kwa Nestori kwanza, maana alikuwa amekusanya maneno yake yote.

Alimwambia yote: kisaa chake, taa, msitu, madumu. Nestori alisikiliza huku akifuta mikono. Akauliza kama tuliangalia alichotuambia tuangalie. Hamadi akajibu kwamba tumeangalia maji mpaka tumemwogesha mwanajeshi.

"Maji ya nini?" Nestori akauliza.

"Si ulisema mazi?"

"Apana. Mi nilisema masi. *La masse.*"

Akaingia chini ya gari akatuonyesha: waya mnene wa kusuka, unaoifunga injini kwenye bodi, ili umeme ukishafanya kazi upate njia ya kurudi kwenye betri. Ulikuwa mchakavu, alijua, ndiyo maana alituonya. Ulikuwa umelegea, unashikilia kwa uzi tu. Taa zikiwashwa, umeme wake unakosa njia ya kurudi, unapita unapopata, na kumbe unapopata ni kwenye kisaa chetu. Akafunga waya mwingine kwa spana mbili. Hamadi akawasha injini, akawasha taa. Mshale haukusogea. Hamadi alikuwa amejiandaa kugomba, akabaki na maneno yake mdomoni, na Nestori alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Kinu cha jirani kilikuwa bado kinanguruma.

Mama alikuwa garini, kwenye kiti changu. Aliuliza kinachochekesha, nikamwonyesha kwa kidole. Akavua miwani myeusi, ingawa alikatazwa, akainama kwenye kisaa mpaka pua yake ikakaribia kioo.

"Ni hii?"

"Ndiyo, Mama."

"Kadogo hivi?"

Kisha akageuka akanitazama mimi. Alinitazama vizuri, paji, mashavu, kidevu, kwa jicho lile jekundu lenye machozi, bila kunigusa.

"Mwamini," akasema, "umezeeka. Nani alikuwa ananiambia uko vile vile?"

"Ni mimi, Mama. Kila ulipouliza."

Akacheka polepole, akanishika shavu. Akavaa miwani yake, akamwambia Hamadi azime taa, twende nyumbani.